CHAMA NA SIMU: KUOMBA NA KUTOA HESABU

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kijiji)



Wengi wenu sasa mna simu. Mnapelekeana salamu na picha za harusi kwa WhatsApp. Si vibaya. Lakini chama kisichotafuta faida, kama chama cha maji au kikundi cha kutunza wagonjwa, chaweza kuomba msaada kwa njia hiyo hiyo.

Hebu tuwatazame Wakenya. Mwaka 2011 kulikuwa na ukame mkali kaskazini mwa nchi yao, kama huko Turkana. Watu walishikwa na njaa, mifugo ikafa. Mwezi wa Julai Msalaba Mwekundu wa Kenya uliungana na makampuni na vyombo vya habari, wakaanzisha mchango ulioitwa Kenyans for Kenya, yaani Wakenya kwa ajili ya Wakenya. Habari zilienea kwa redio, televisheni, Facebook na Twitter, ambayo siku hizi inaitwa X. Watu walituma fedha kwa M-Pesa, hata shilingi 10. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 kwa majuma manne. Likapitwa.

Kwa nini watu walitoa? Shida ilijulikana, kiasi kilijulikana, muda ulijulikana. Na shilingi 10, nani ataona haya kuitoa?

Haya, turudi kwetu. Tuseme pampu ya kisima imeharibika. Msiandike tu, "Jamani tusaidieni." Andikeni hivi: "Pampu imevunjika. Spea ni shilingi 600,000. Sisi tumechanga 150,000. Tunaomba 450,000 kabla ya tarehe 30." Wekeni picha ya pampu. Picha ya mtoto wa mtu akilia uchi, hapana! Mtoto huyo atakua, na picha itakuwa bado inazunguka.

Laini ya kupokea fedha iandikishwe kwa jina la chama, isiwe ya mwenyekiti. Hapa ndipo vyama vingi huvunjika. Ndugu yetu aliye mjini akiona jina la chama kabla ya kubonyeza namba ya siri, moyo wake hutulia. Matapeli nao wapo. Huchukua tangazo lenu, wakabadili namba tu. Kwa hiyo namba ya chama isomwe mkutanoni na ibandikwe ofisi ya kijiji, ili mtu akipiga simu kuuliza, yeyote aweze kumjibu.

Fedha zikianza kuingia, mweka hazina aandike kwenye grupu kila jioni: zimeingia kiasi gani, zimebaki ngapi. Pampu ikipona, tumeni picha ya maji yakitoka, na risiti. Hata zikibaki shilingi 4,000, semeni. Wengi hunyamaza hapo. Mwaka wa pili wakiomba tena, hawajibiwi.

Na wasio na simu? Nao wamechanga. Hesabu ile ile isomwe kwa sauti mkutanoni.

Jumamosi asubuhi kila kikundi kimlete mweka hazina wake, na daftari. Tutaandika tangazo la kwanza pamoja.