Chumba cha Kupanga Nacho ni Nyumba
Mhadhara wa umma, Kanengo, Lilongwe



Niliomba tukutane Kanengo, na nina sababu. Msimu wa tumbaku ukifunguliwa, malori hupanga foleni kuelekea mnadani, na nyuma ya kila lori kuna watu: wapakuaji, wachambuaji, wafagiaji wa maghala, mama lishe. Kazi yao huanza soko linapofunguliwa, kwa kawaida Machi au Aprili, na soko likifungwa miezi michache baadaye nayo imekwisha. Kibarua wa namna hiyo hawezi kununua kiwanja, wala hakihitaji. Anahitaji chumba chenye mlango unaofungika, karibu na kazi, kwa muda wa msimu. Wengi hukipata Mgona, mtaa usiopimwa uliobanana jirani na viwanda hivi, au kwenye vyumba vya uani huko Area 25. Ramani ya jiji ilipochorwa viwanda vilitengewa mahali pake, na maghala vilevile. Kibarua aliachwa ajitafutie.

Hoja yangu ya leo ni kwamba jamii inayojenga nyumba ya aina moja tu imekwisha kuamua ni nani hatakaa pale, hata kama haikukusudia. Kadiri jamii ilivyo ndogo ndivyo uamuzi huo unavyouma zaidi, maana anayekosa nafasi hana mtaa wa pili wa kuhamia. Na sijui mahali panapoonyesha jambo hili wazi kuliko Dzaleka.

Kambi ya Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kilomita arobaini na kitu kutoka hapa. Zamani palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa utawala wa Kamuzu Banda. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya kupokea waliokimbia vita na mauaji ya Rwanda, Burundi na Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Palikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Kufikia mwaka 2023 waliokuwa wakiishi pale walizidi 50,000. Mtoto aliyezaliwa kambini mwaka ule wa kwanza sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, na watoto hao nao wanataka pa kulala.

Sasa tazameni msaada wa makazi unavyotolewa katika kambi nyingi. Familia inaandikishwa, inapewa turubai la plastiki, miti kidogo, pengine na kipande cha ardhi, kisha inaambiwa ijenge. Mpango huo unamjua baba, mama na watoto. Haumjui kijana wa miaka kumi na tisa aliyevuka mpaka wa Karonga peke yake. Mjane anayeogopa kulala kwenye nyumba ya pembezoni hayumo, wala fundi cherehani ambaye asipopata kibaraza kinachotazama njia hatapata mteja. Wote hao wanatarajiwa kutosheka na nyumba ileile, na isipowatosha wanaambiwa wavumilie. Nao wengine, badala ya kuvumilia, wamejitengenezea njia.

Nendeni mkaitazame nyumba ya kawaida ya Dzaleka. Kuta ni za matofali mabichi yaliyokaushwa juani, kwa sababu kuni za kuchomea tanuru ni ghali na misitu ya jirani imekwisha kukatwa. Paa ni la nyasi juu ya plastiki, au la malata kwa aliyejaliwa ndugu wa kumtumia fedha. Tofali bichi lina adui mmoja, maji yanayorukia chini ya ukuta. Baada ya mvua za Januari utaona mistari ya chini ya matofali imeliwa, ukuta umekuwa mwembamba miguuni, na mama mwenye nyumba anakandika udongo mpya kwa mkono, kiganja baada ya kiganja. Halafu tazameni ubavuni. Pale pana chumba kimeegemezwa kwenye ukuta mkubwa, hatua tatu kwa nne, kina mlango wake na kufuli yake. Godoro mchana husimamishwa ukutani ili mtu apate pa kukaa. Jiko la mkaa liko nje, chini ya kipande cha turubai. Humo analala mpangaji, na kodi anayolipa ndiyo inayonunua udongo, nyasi na misumari ya nyumba yote, na mwezi ambao mgao wa chakula umepunguzwa, ndiyo inayonunua unga.

Chumba hicho hakimo katika mpango wowote. Kwa maoni yangu ndicho nyumba muhimu kuliko zote pale kambini. Kimempa kijana pa kuanzia, kimempa mama mwenye nyumba kipato asichokuwa nacho, tena hakikutumia kiwanja kipya hata kimoja.

Wengi wetu tuliokulia Dar es Salaam tunalijua jambo hili tangu utoto. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Magomeni ina vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, uani kuna jiko, bomba na choo. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki vina wapangaji: muuza samaki, karani, mwanamke aliyeachika, mwanafunzi. Chini ya paa moja walikaa watu wa vipato tofauti kabisa, na mtoto akiumwa usiku hakukosekana wa kumpeleka hospitali. Watu waliibuni wenyewe nyumba hiyo, ikaupokea mji mzima.

Lilongwe ilipangwa kwa fikra nyingine. Mji mkuu ulihamishwa kutoka Zomba mwaka 1975, kwa mkopo na mipango iliyotoka kwa sehemu kubwa Afrika Kusini, na mipango hiyo ilitenganisha watu: mitaa ya viwanja vikubwa upande wake, ya wafanyakazi upande wake, na mapori kati yao. Anayefanya kazi mtaa mmoja na kulala mwingine analipa kwa miguu yake kila asubuhi. Kwa haki niseme pia kwamba waliopanga hawakuwasahau wenye kipato kidogo kabisa. Walipima maeneo ya viwanja vidogo, yakiwamo ya Area 25, mtu akajenga kwa uwezo wake, kidogo kidogo, na kupangisha vyumba vya uani. Ndipo jiji lilipopumua. Kilichokosekana ni kuendelea kupima viwanja vya namna hiyo kadiri watu walivyoongezeka, hadi sensa ya mwaka 2018 ikahesabu watu 989,318 katika jiji hili.

Wananchi nao walijaribu. Shirikisho la watu wasio na makazi la Malawi, ambalo wanachama wake wengi ni wanawake, liliweka akiba ya kwacha chache chache likisaidiwa na shirika la CCODE, likapata ardhi serikalini na kujenga nyumba 222 huko Area 49. Mfuko wao wa Mchenga ukawakopesha fedha za ujenzi. Nyumba zilisimama, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini marejesho ya mikopo yalikuja kusuasua, na mimi sishangai. Mkopo wa nyumba nzima ni mzigo mzito kwa mtu anayeuza nyanya. Mkopo wa chumba kimoja, kisha cha pili cha kupangisha, angeubeba.

Kuna jambo siwezi kulipita kimya mbele ya ndugu zangu wa Dzaleka. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 ikiwa imeweka masharti yake tisa, likiwamo la kuzuia wakimbizi kutembea na kuishi watakapo. Machi 2023 serikali iliwaamuru wote wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka, na kuanzia Mei polisi na askari wakaanza kuwakusanya Lilongwe na kwingineko. Watu waliokuwa na maduka na vyumba vyao vya kupanga mjini walirudishwa mahali palipokwisha kujaa mara nne. Nyumba ya mjini waliyoilipia wenyewe ilifungwa, na mzigo ukahamia kwenye vile vyumba vya ubavuni. Hakuna ufundi wa ujenzi utakaolitibu hilo. Aina mojawapo ya nyumba ambayo Dzaleka inaihitaji iko hapa Lilongwe, nayo ni ruhusa ya kupanga chumba na kulipa kodi kama mkazi mwingine yeyote.

Wapo wanaoniambia kwamba kupangisha kambini ni unyonyaji. Upo, nami nimesikia vilio vya watu waliotolewa nje usiku kwa deni la mwezi mmoja. Lakini kodi hupanda kwa sababu vyumba ni vichache. Ukipiga marufuku vyumba unavipunguza, na mwenye kufuli anazidi kuwa mfalme. Ninaloliomba ni jepesi zaidi: karatasi ya mapatano ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili na Kichewa, risiti, na notisi ya mwezi mmoja, vikisimamiwa na viongozi wa mitaa ambao tayari wanasuluhisha ugomvi wa mipaka na maji.

Pia tujifunze kwa wenzetu. Kalobeyei, kaunti ya Turkana nchini Kenya, ilifunguliwa mwaka 2016 ili wakimbizi na wenyeji wakae pamoja, na baadaye familia zikaanza kupewa fedha za ujenzi mkononi, zikajichagulia fundi na mpango wa nyumba. Dzaleka kuna mafundi uashi wa kutosha. Fedha za namna hiyo zingelipa msingi wa mawe mistari miwili, ule unaozuia maji kula ukuta, na zingeruhusu mjane aombe chumba karibu na njia badala ya nyumba nzima pembezoni.

Serikali imekwisha kutaja nia ya kufungua makazi mapya kaskazini, wilaya ya Chitipa. Wapimaji watakapoingia huko na kamba zao, naomba wapime viwanja vya ukubwa tofauti katika mtaa mmoja: vya familia, vya vyumba vya kupanga vyenye choo na bomba la pamoja, vya wenye maduka kando ya njia, na vichache vilivyo karibu na zahanati kwa wazee. Wenyeji wa vijiji vya jirani wapewe haki ileile ya kupanga na kupangisha. Na kabla mchoro haujatiwa saini, wapelekewe kwanza wale akina mama wa Dzaleka wenye vyumba vya ubavuni, waulizwe mlango uwekwe upande gani.