Binti Anayetaka Kuuguza Ng'ambo
Hotuba kwa wenyeji wa Kisumu Ndogo, Kibera



Mmeniita niwaeleze habari ya kwenda kuuguza Uingereza. Nafurahi kwamba swali hili limetoka Kisumu Ndogo, kwa kuwa jina la mtaa huu latukumbusha kwamba wazee wetu walitoka mbali kutafuta kazi. Basi hakuna hapa awezaye kumlaumu kijana kwa kusafiri.

Jirani yangu mmoja ana binti aliyesomea uuguzi Kampala, kwani karo ya huko iliwezekana na ya hapa haikuwezekana. Alirudi na shahada yake, akadhani lililobaki ni kukata tikiti. Nikamwuliza, "Dada, umeandikishwa na baraza gani?" Akanyamaza.

Hapo ndipo penye fundo. Shahada ya chuo siyo ruhusa ya kazi. Aliyefunzwa Uganda yampasa kwanza aandikishwe na Baraza la Wauguzi na Wakunga la huko. Na akitaka kuuguza hapa kwetu, Baraza la Wauguzi la Kenya litamtahini pia. Nalo baraza la Uingereza huhakikisha habari zake kwa wale waliomwandikisha, wala halitosheki na karatasi yenye muhuri wa wakala. Jina likiwa limeandikwa kwa namna mbili, shauri laweza kukaa miezi mingi.

Kisha kuna mtihani wa Kiingereza. Mmoja unaokubaliwa wataka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kusema, na 6.5 katika kuandika. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilipatana juu ya kupeleka wauguzi. Mwaka ule ule Waziri wa Afya wa wakati huo, Bwana Mutahi Kagwe, aliarifu kwamba kati ya wauguzi 300 waliotahiniwa, 10 tu ndio waliofaulu. Wengi walicheka. Mimi, ambaye riziki yangu ni kufasiri lugha, sikucheka: kusema na mgonjwa wodini ni jambo moja, na kuandika kwa ufasaha huku saa ikihesabiwa ni jambo jingine kabisa. Kuna na mitihani ya kazi, mmoja wa kompyuta, na wa pili hufanywa huko huko Uingereza, mbele ya watahini.

Sasa habari ya fedha. Jirani yangu alikuwa tayari kuuza shamba lake la Nyanza ili amlipe bwana mmoja aliyeahidi kazi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 yamkataza wakala kumtoza mtu ada kwa kumtafutia kazi. Ada za mitihani na viza ni kweli, nazo si ndogo, lakini hulipwa kwa wenyewe wanaohusika. Tena Novemba 2021 Uingereza iliweka kanuni kwamba wauguzi wa Kenya watafutwe kwa njia ya mapatano ya serikali tu, ingawa mtu kujiombea mwenyewe hakukukatazwa. Basi bwana yule apitaye mlango kwa mlango alitumwa na nani?

Mwisho, mikataba. Baadhi yake humtaka muuguzi arudishe gharama za safari akiacha kazi mapema, na maneno hayo huwekwa mbali, katika kurasa za nyuma. Nitakuwapo hapa Jumamosi baada ya saa nane. Mwenye mkataba na aulete, tuusome pamoja kabla ya kutia sahihi.