Dakika 30 za Unguja na Pemba



Hivi karibuni nilikuwa Chita, bonde la Kilombero, nikifuatilia habari za mpunga. Jioni moja, barazani kwa mwenye duka, kijana mmoja mnunuzi wa mpunga, mzaliwa wa Wete kule Pemba, alinijia. "Shikamoo bwana. Ndege ya Unguja hadi Pemba inachukua muda gani?"

Nikamjibu bila kufikiri: nusu saa. Uso ukamchangamka. Kumbe alikuwa amepigiwa simu muda ule ule kwamba baba yake amefariki. Nduguze walitaka kujua: wazike kesho asubuhi, au wamngoje?

Jibu langu lilikuwa sahihi, ila halikumfaa. Uwanja wa Unguja na ule wa Pemba, ulio karibu na Chake Chake, vimeachana kama kilomita 125 kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo ya injini moja, ya abiria 12 hivi, hukata karibu kilomita 300 kwa saa. Hesabu ya darasani inatoa dakika 25. Ongeza za kupaa na kutua, ndiyo nusu saa tunayotajiwa. Lakini saa hiyo huanza kuhesabiwa magurudumu yakiacha ardhi. Kupima mizigo haimo, na mara nyingi mwisho ni kilo 15. Kungoja zamu haimo. Wala haimo barabara ya kutoka uwanjani hadi Wete, zaidi ya kilomita 30.

Basi tukakaa, tukahesabu upya, safari hii tukianzia pale pale barazani. Chita hadi Ifakara, na basi la siku hiyo limeshapita. Ifakara hadi Mikumi, Mikumi hadi Morogoro, Morogoro hadi Dar es Salaam. Kesho nzima imekwisha barabarani, na ndege hajaiona.

"Ukifika Dar jioni, huwezi kuvuka kwa meli ya usiku?" nikamwuliza.

Akatikisa kichwa. "Meli ya usiku sijapanda tangu 2011."

Nikanyamaza. Usiku wa kuamkia Septemba 10 mwaka ule, MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya watu wakapotea. Mtu wa Wete huhitaji kumweleza zaidi ya hapo.

Mimi ningependa wakata tiketi wamwambie abiria saa atakayofika nyumbani kwao, si dakika za angani tu. Najua watasema si kazi yao.

Kijana alisimama kando, akapiga simu. Nilimsikia akisema, "Mzikeni, kaka. Msiningoje."

Alifika siku ya tatu, khitma ikisomwa. Baadaye alinipigia kunishukuru, akaniambia ndege yenyewe ilichukua dakika 28.