Kubaki bila kambi si kulala
Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Butembo

Najua wengine mmeacha kutafuta wateja wa moto, wengine mmefunga biashara mapema juu ya kuja hapa.

Siku zilizopita mmoja kati yenu aliniuliza hivi: "Kamarade, watu wa parti wanaanza kutupigia simu. Uchaguzi ungali mbali lakini wanauliza: we uko wa nani? Nikijibu niko wa raia, wanacheka. Wanasema mwenye hana kambi hana sauti. Tufanye nini?" Siku ile sikuwa na jibu zuri. Leo nitajaribu. Nitaanzia mbali, kule Marekani, halafu nitarudi hapa kwetu.

Kule Marekani, mbele ya uchaguzi wa rais, kila parti kubwa inapanga kwanza uchaguzi wake wa ndani. Raia ndio wanachagua nani atakuwa kandida wa parti. Katika jimbo la Michigan, karatasi ya kura ina majina ya makandida, lakini iko na nafasi ingine pia. Nafasi ile inasema: sijajifunga kwa mtu yeyote. Mwenye kutia alama pale haharibu kura yake. Anahesabiwa sawa na wengine.

Tarehe 27 Februari 2024 ilikuwa zamu ya Michigan. Joe Biden alikuwa rais, na ndani ya parti yake hakukuwa mtu wa kumshinda. Lakini vita vya Gaza vilikuwa vinaendelea, na silaha za Marekani zilikuwa zinaenda Israeli. Katika mji wa Dearborn wanaishi familia nyingi zenye asili ya Lebanoni, Yemeni na Iraki. Wengi walimpa Biden kura mwaka 2020. Sasa walijiuliza: tutampa tena, kama vile hakuna kitu? Ama tutabaki nyumbani?

Walichagua njia ya tatu. Walikuwa na kama wiki 3 tu za kampeni. Walipita nyumba kwa nyumba, walipiga simu, walisimama mbele ya misikiti, wakaambia watu: nenda, piga foleni, na utie alama kwa "sijajifunga". Walitafuta kura 10,000. Hesabu ile haikutoka hewani: mwaka 2016 Donald Trump alishinda Michigan kwa tofauti ya kura karibu 10,700. Walitaka kuonyesha kama idadi yenye inaweza kupindua jimbo ipo. Walipata zaidi ya 101,000. Ni kama asilimia 13. Ndani ya Dearborn walipita nusu ya kura zote. Wiki moja nyuma, jimbo la Minnesota lilifika karibu asilimia 19 na kupata wajumbe 11 kwenye mkutano mkuu wa parti.

Sasa, kamarade, sitawadanganya. Walishinda? Kitu walichoomba, vita visimame na silaha zisitumwe tena, hawakukipata mbele ya uchaguzi. Mwezi wa nane, kwenye mkutano wa parti mjini Chicago, waliomba kitu kidogo zaidi: Mpalestina mmoja apewe dakika chache jukwaani. Walikataliwa. Wengine walilala inje, mbele ya jumba. Biden alikuwa amejiondoa tayari, Kamala Harris alichukua nafasi yake. Mwezi wa tisa viongozi wa vuguvugu walisema: hatumuungi mkono Harris, lakini Trump pia hatumtaki. Novemba, Trump alishinda Michigan kwa kura zaidi ya 80,000. Mpaka leo watu wanabishana kule: kosa ni la nani? Wale walikataa kujifunga, ama wale walikataa kuwasikia?

Mimi siko hapa kukata kesi ya Wamarekani. Ninachukua tu yenye inatufaa.

Ya kwanza: kubaki bila kambi si kulala. Wale watu walitoka nyumbani, ilikuwa mwezi wa baridi. Mwenye kulala hahesabiwi. Anayesema "politiki ni chafu, mi sitaki" anawaachia wenye politiki chafu kiwanja chote.

Ya pili: walikuwa na ombi moja, yenye hata mama wa sokoni anaweza kurudilia bila kusoma. Siyo liste ya mambo 40.

Ya tatu: walijihesabu. Hasira bila hesabu, mkubwa anaipita na gari lenye vioo vyeusi.

Ya nne, na hii ndiyo ngumu: kutojifunga kunakuwa na mwisho. Siku ya uchaguzi wenyewe inafika, na lazima ujue utafanya nini. Usipozungumza na wenzako mapema, siku ile kila mtu ataenda njia yake.

Turudi kwetu. Hapa karatasi ile haiko. Kandida wa parti anaandikwa na "autorité morale" pamoja na watu wachache. Mnakumbuka Geneva? Tarehe 11 Novemba 2018 wakubwa 7 wa upinzani walikaa, wakamchagua Martin Fayulu. Kesho yake Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe wakaondoa sahihi zao, wakisema base imekataa. Tarehe 23, wao wawili wakaweka sahihi ingine Nairobi. Angalieni vizuri: base ilikumbukwa nyuma ya sahihi, siyo mbele.

Lakini msiseme sisi hatuna mfano wetu. Desemba ile ile, CENI ilisema Beni na Butembo hatutapiga kura ya rais, juu ya Ebola na usalama mbaya. Tarehe 30, kule Beni, watu walitengeneza vituo vyao wenyewe. Walinawa mikono, wakapanga mstari, wakapiga kura. CENI haikuhesabu hata moja. Lakini nani tena angesema watu wa Beni hawakutaka kuchagua?

Basi pendekezo langu ni hili. Tuandike ombi moja. Tangu Oktoba 2014 tunazika watu wetu katika eneo la Beni. Ombi litoke pale, na nyinyi ndio mtalipanga maneno yake. Kila kartie iwe na daftari, kila anayekubali aweke jina kwa hiari yake, na tuhesabu. Kandida akija, wa parti yoyote, tumsomee ombi mbele ya watu, na jibu lake tulibandike ukutani. Mpaka ajibu, hatuvai trikoti yake, hatuimbi jina lake. Na mwezi mmoja mbele ya kura tukutane tena tufungue majibu yote. Pale kila mtu atachagua kwa dhamiri yake, na hakuna mwenye ataitwa msaliti.

Najua kuna mwenye mjomba wake yuko kwenye parti na amemuahidi kazi. Sitakuhukumu, maisha ni nguvu. Nakuomba tu: mbele ya kuchukua ile kadi, muulize mjomba lile swali letu. Akikasirika, umejua kitu.

Yule kaka aliyeniuliza uko wa nani, sasa naweza kumjibu. Kesho wakikupigia tena, waambie: nitawaambia niko wa nani siku mtaniambia mtafanya nini. Halafu uandike jibu lao.

Daftari la kwanza liko kwenye meza ile pale.