Mafuta ya Chupa na Dagaa wa Vanga

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii hapa Lunga Lunga. Leo nazungumza na kina mama, kina bibi na wote wanaolea watoto wadogo, juu ya mafuta ya samaki.

Siku moja alikuja kliniki mama mmoja na mtoto wa miezi kumi. Nilipompima mkono kwa utepe, ulisoma manjano. Manjano ni onyo: mtoto hajafika pabaya, lakini yuko njiani. Mama huyo ni mchuuzi wa dagaa. Huwachukua Vanga, akaja kuwauza hapa sokoni. Nikamuuliza, "Dada yangu, mtoto anakula dagaa?"

Akacheka. "Sista, dagaa ni wa kuuza. Mtoto namnunulia mafuta ya samaki ya chupa. Nimeambiwa yanaongeza akili."

Pesa za dagaa zilikuwa zimeingia katika ile chupa, na nyumbani mtoto alikuwa anakunywa uji wa mahindi mtupu.

Sikumlaumu. Alitaka mema kwa mwanawe. Lakini nilimweleza yale mafuta yanatoka wapi, na leo nawaeleza na nyinyi.

Mafuta ya maini ya samaki hutoka kwa samaki wakubwa wa bahari za baridi, huko pande za Norwe na Aislandi. Samaki hao hula samaki wadogo. Wale wadogo nao hula viumbe wadogo sana wanaoelea majini, waitwao zuplanktoni. Wengi wao ni jamaa za kamba, na mmoja ni mdogo kuliko punje ya mchele. Lakini mpasue huyo mdogo: mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito wake, ukishamkausha, ni mafuta. Ana kifuko cha mafuta ndani ya mwili, kama mtu aliyefunga akiba yake kwenye pindo la leso.

Kwa nini aweke mafuta mengi hivyo? Kwa sababu karibu na ncha ya dunia jua halionekani miezi mingi ya baridi. Mimea midogo ya baharini haioti, na chakula hakuna. Basi wakati wa jua yeye hula upesi upesi, akageuza chakula kuwa mafuta ya aina ya nta, kisha akashuka chini kwenye kina na kutulia hadi msimu mwingine. Anaishi kwa akiba.

Ndani ya mafuta hayo mna omega-3. Haya ni mafuta yasiyoganda hata kwenye baridi kali. Nyinyi mnajua mafuta ya nazi yanavyoanza kuganda asubuhi za baridi mwezi wa saba. Omega-3 haigandi hivyo, na ndiyo husaidia mwili wa kiumbe yule kubaki laini katika maji ya baridi. Mtoto naye huihitaji kwa kujenga ubongo na macho yake.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Yule kiumbe mdogo omega-3 yake nyingi huipata kwa ile mimea midogo anayoila, isiyoonekana kwa macho. Na mimea ya namna hiyo imo pia katika bahari yetu, kuanzia Vanga, Shimoni, Gazi hadi Msambweni. Zuplanktoni wetu huila, dagaa huwala zuplanktoni, na sisi tunawala dagaa. Hata uduvi tunaowapika ni jamaa wa wale viumbe wa bahari ya baridi.

Kweli, viumbe wa bahari yetu ya joto hawana mafuta mengi kama wale. Hawana baridi ndefu ya kuwekea akiba, kwa hivyo miili yao ina protini zaidi kuliko mafuta. Lakini omega-3 imo. Tena dagaa analiwa mzima, na mifupa yake. Hapo mtoto anapata protini ya kujenga mwili, kalsiamu ya mifupa, madini ya chuma ya damu, na zinki. Ile chupa haina protini wala chuma. Haiwezi kuwa badala ya chakula.

Basi tufanyeje? Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Wewe mama unayenyonyesha ndiwe wa kula dagaa, na omega-3 itamfikia mtoto kwa maziwa yako. Mtoto akitimiza miezi sita, endelea kumnyonyesha na uanze kumpa vyakula vingine. Chagua dagaa wakavu wasio na chumvi nyingi. Watoe mchanga, waoshe, wakaushe, wakaange bila mafuta mpaka wakauke kabisa, kisha uwatwange na kuwachekecha wawe unga laini. Anza na kijiko kidogo cha chai ndani ya uji, uchemke pamoja. Akizoea, ongeza. Mtoto akitoka vipele, akivimba midomo au akipumua kwa shida, usimpe tena, na umlete kituoni mara moja.

Mafuta ya samaki huharibika upesi kwa jua, hewa na unyevu. Dagaa wakinuka mafuta ya zamani au wakiota ukungu, usimpe mtoto. Weka unga wako katika chombo kikavu chenye kifuniko. Wakati wa kaskazi samaki ni wengi na bei ni nafuu; kausha, weka kidogo kidogo. Kusi ikivuma na vyombo vikikaa pwani, utakuwa na akiba yako, kama yule mdogo wa bahari ya baridi.

Na neno moja juu ya chupa. Mafuta ya maini ya samaki yana vitamini A nyingi. Mama mjamzito asiyanywe, kwani vitamini A ikizidi yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Wala usimpe mtoto bila kumuuliza mhudumu wa afya, kwa sababu kuanzia miezi sita hadi miaka mitano tunampa vitamini A kliniki kila baada ya miezi sita.

Yule mama tulimwandikisha mtoto wake kwa chakula cha nyongeza, na yeye akaanza kutenga kikombe kimoja cha dagaa kabla ya kwenda sokoni. Aliporudi, utepe ulisoma kijani. Kwa shida, lakini kijani. Akaniambia, "Sista, kikombe hicho sasa hakiuzwi."

Na wewe mama unayenisikiliza, tenga kikombe chako kwanza, kisha uuze. Mlete mtoto apimwe kila mwezi. Hadi tutakapokutana tena, kwaherini.