Mnara wa Iskandaria na Funzo la Ufa Usiozibwa



Neno letu “mnara” limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni mahali pa nuru. Kabla ya minara ya misikiti, ulikuwapo mnara mashuhuri uliowaongoza mabaharia, nao ni ule wa Iskandaria, nchini Misri.

Ulijengwa yapata mwaka 280 kabla ya Nabii Isa (a.s.), katika kisiwa cha Faros, mbele ya bandari. Pwani ile ni tambarare. Hapana mlima wa kumjulisha nahodha kwamba nchi kavu i karibu, na mlangoni mwa bandari mna miamba iliyofichwa na maji. Ndipo watu wakajijengea mlima wa mawe, wa kimo cha yapata mita 100: sehemu ya chini ya pembe nne, ya kati ya pembe nane, na ya juu ya mviringo. Mchana jengo lenyewe lilikuwa alama, na usiku moto uliwashwa.

Waislamu walipoingia Misri katika karne ya 7, waliukuta ungali umesimama, nao wakaendelea kuutumia na kuutengeneza. Msafiri Ibn Jubayr, aliyefika mwaka 1183, aliandika kwamba waonekana toka mbali kupita maili 70, na kwamba juu yake palikuwa na msikiti, akasali humo.

Kisha mwaka 1303 tetemeko kubwa la ardhi liliuharibu. Ibn Battuta alipouzuru mwaka 1326, upande mmoja ulikuwa umebomoka, lakini aliweza kuingia. Baadaye msafiri huyo huyo alifika hata pwani yetu, Mombasa na Kilwa, mwaka 1331. Aliporudi Iskandaria mwaka 1349, mnara ulikuwa gofu, wala mlango haukufikika tena. Sultani al-Nasir Muhammad alikuwa ameanza kujenga mwingine kando yake, lakini mauti yalimfika mwaka 1341 kabla hajaumaliza. Mwaka 1477 Sultani Qaitbay alianza kujenga ngome mahali pale pale, na ngome hiyo ipo hata leo.

Ndugu zangu, tetemeko halizuiliki na mwanadamu. Lakini baina ya 1326 na 1349 ilipita miaka 23, na mwanzoni mwake mlango ulikuwa bado wafikika. Wazee wetu walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapo hata ukuta haukumalizika.

Basi nasi wa pwani tujiulize. Wavuvi na mabaharia wetu hurejea usiku wakiitegemea taa. Anayeiona imezimika, akanyamaza kwa kudhani mwingine atasema, ameshiriki katika hatari ya wale walio baharini. Tuseme mapema, tutengeneze mapema, maadamu mlango wafikika.

Wassalaam.