Hewa ya Chumba cha Vitabu
(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Mimi ni mtunza kumbukumbu serikalini. Watu wengi hudhani kazi hiyo ni kupigana na mchwa na panya. Hao wanaonekana. Leo nitasema habari za adui asiyeonekana, yaani hewa ya chumbani.

Nianze kwa kukiri kosa. Nilipotoka chuo kikuu nilikabidhiwa masijala ya ofisi moja ya pwani, yenye kiyoyozi. Kwa nia ya kubana matumizi ya umeme, niliamuru kizimwe kila siku saa tisa na nusu alasiri, na madirisha yabaki yamefungwa. Masika yalipokwisha, majalada ya rafu za chini yalikuwa yameota kuvu na kurasa zimegandana. Baadaye akaja mzee mmoja kudai kiinua mgongo chake. Barua yake ya kuajiriwa ilikuwa humo, nayo haikusomeka. Alihangaika karibu mwaka mzima kutafuta mashahidi wa utumishi wake, na kila alipopita mlangoni kwangu alinisalimu kwa heshima. Salamu zile nazikumbuka mpaka leo.

Kosa lilikuwa wapi? Hewa ya joto hubeba maji mengi kuliko hewa baridi. Kiyoyozi kikizimwa, hewa ya nje hupenya chini ya mlango, ikakuta karatasi na kuta zingali baridi, ikaacha unyevu wake humo. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 hadi 70 kwa siku kadhaa, kuvu huweza kuota. Hivyo chumba kinachopozwa mchana na kuachwa usiku chaweza kuwa kibaya kuliko chumba cha kawaida kinachopitisha upepo.

Tena hewa hubeba mengine zaidi ya maji. Mwaka 1843 mwanasayansi Michael Faraday alieleza jinsi taa za gesi zilivyokuwa zikiharibu vitabu vya klabu ya Athenaeum, mjini London. Gesi ile ilikuwa na salfa. Salfa ikiungua hutoa moshi ambao hugeuka asidi, na asidi hula ngozi za vitabu mpaka zikawa unga. Taa hizo sisi hatunazo, lakini dizeli nayo ina salfa, na jenereta ya shule yetu, uniwie radhi Mwalimu Mkuu, imesimama chini ya dirisha la maktaba.

Asubuhi ya leo niliingia humo. Nilikiona kitabu cha kuandikishia wanafunzi, chenye majina yetu sote kwa wino. Pembe zake zimeanza madoa. Vijana, iko siku mtahitaji ushahidi kwamba mlipita hapa.

Kwa hiyo naomba michango yetu isinunue kiyoyozi, maana hatutaweza kukiwasha usiku na mchana. Tununue pangaboi mbili na kipima unyevu. Rafu zisogezwe shibiri moja kutoka ukutani, na ya chini iinuliwe kutoka sakafuni. Siku za ukavu madirisha yafunguliwe kuanzia saa nne asubuhi, yafungwe kabla ya jua kuchwa. Jenereta ihamishwe. Wanafunzi wa zamu waandike kipimo kila siku. Kikikaa juu ya 70 siku tatu mfululizo, pangaboi ziwashwe na rafu za chini zikaguliwe. Hapa pwani hatuwezi kuukausha upepo wa bahari, lakini hewa inayotembea huinyima kuvu nafasi.

Kipima unyevu nitakileta mwenyewe shule itakapofunguliwa, nami nitakaa siku nzima na wanafunzi wa zamu kuwaonyesha namna ya kukisoma.